Nani Anafukia Majani? Uhusiano wa Binadamu na Maumbile katika Bunilizi za Kidistopia Ukisomwa kutoka Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano wa binadamu na maumbile katika bunilizi za kidistopia kwa kuusoma kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Hoja kuu ni kwamba mkabala uliozoeleka, unaoyatazama maumbile kuwa kimbilio lililo nje ya ukuta wa dola dhalimu, umejengwa juu ya riwaya chache za Ulaya na hautoshelezi kufafanua bunilizi za Afrika Mashariki. Kilimo cha intumba cha Wafipa, ambamo rutuba hutengenezwa kwa kufukia majani, kinatoa kigezo kingine: maumbile hudumu pale kazi ya kuyatunza na uamuzi juu yake vinapokaa katika mikono ileile. Kwa kigezo hicho, distopia ni hali ya kutengana kwa kazi hiyo na uamuzi huo. Kigezo kinajaribiwa katika riwaya za Babu Alipofufuka, Mzingile na Walenisi, na katika filamu ya Pumzi.

1.0 Utangulizi

Utanzu wa distopia uliingia katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ukiwa na mifano yake tayari. Thomas More aliipa dunia neno utopia mwaka 1516, na John Stuart Mill akatumia neno la kinyume chake katika Bunge la Uingereza mwaka 1868. Karne ya ishirini ilileta riwaya ambazo hadi leo ndizo hutajwa kwanza katika kila mjadala wa utanzu huu: We ya Yevgeny Zamyatin, Brave New World ya Aldous Huxley (1932) na Nineteen Eighty-Four ya George Orwell (1949). Msomaji wa Kiswahili alimfahamu Orwell mapema kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967.

Uhakiki wa kiikolojia, ambao jina lake la Kiingereza lilianza kutumiwa na William Rueckert mwaka 1978, ulipokutana na utanzu huu ulizaa swali moja linalojirudia: je, kazi husika inaonesha binadamu akiyaharibu maumbile, au maumbile yakimwokoa binadamu? Swali hili ni halali, lakini linamlazimu mtafiti kugawa kila kitu katika pande mbili. Mti huwekwa upande wa wema na mji huwekwa upande wa uovu. Mhusika akiingia msituni huhesabiwa kuwa amepata ukombozi. Mgawanyo huo ukitumiwa katika riwaya za Kiswahili huacha mambo mengi bila maelezo, kwani katika riwaya hizo msitu wa kukimbilia mara nyingi haupo.

Makala hii inapendekeza mahali pengine pa kusimama wakati wa kusoma. Mahali hapo ni uwanda wa Ufipa, wenye mji wa Sumbawanga, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Riwaya zinazojadiliwa hazihusu Ufipa, na hakuna dai hapa kwamba waandishi wake walichota huko. Uhusiano unaojengwa ni wa kiusomaji. Ufipa una maarifa ya muda mrefu juu ya namna binadamu na ardhi wanavyotegemeana, na maarifa hayo yanaweza kufanya kazi ya nadharia kama yanavyofanya mawazo yaliyotoka kwingineko.

2.0 Maumbile, Asili na Mazingira

Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote yanayosemwa kwa dhana ya Kizungu ya ulimwengu usioguswa na binadamu. Maneno matatu hutumika, na kila moja lina mtazamo wake. Asili huelekeza kwenye chanzo, mahali kitu kilipotoka. Mazingira hutokana na kitenzi zingira, hivyo humweka kiumbe katikati na vingine vyote pembeni yake. Maumbile hutokana na kitenzi umba, nayo hubeba wazo la kitu kilichofanywa kwa kusudi na muumbaji.

Hakuna kati ya maneno haya linalosema kwamba maumbile ni kile kilichobaki binadamu akiondolewa. Mazingira hayawezi kufikirika bila anayezingirwa, wala maumbile bila kazi ya kuumba. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili tayari ametumia lugha inayomhusisha binadamu na vilivyomzunguka. Anapoingiza mgawanyo mkali wa binadamu upande huu na maumbile upande ule, anapaswa kujua kwamba ameutoa nje ya lugha anayoiandikia, na hivyo authibitishe kabla ya kuutumia.

3.0 Ukuta na Kilicho Nje Yake

Katika riwaya tatu za Ulaya zilizotajwa, mgawanyo huo una umbo la mahali. Katika We, Dola Moja imejitenga na ulimwengu wa mimea na wanyama kwa Ukuta wa Kijani. Ndani ya ukuta watu huitwa kwa herufi na namba, na maisha hupangwa kwa saa. Nje yake wanaishi watu ambao miili yao imeota manyoya na ambao hawajatawaliwa. Ukuta unapobomolewa, ndege huingia mjini. Maumbile hapa ni nguvu ya nje inayotishia mpangilio.

Huxley aliliona jambo kwa undani zaidi. Katika Brave New World watoto wachanga wa tabaka la chini huoneshwa maua na vitabu, kisha hushtuliwa kwa kelele na umeme ili wakue wakivichukia vyote viwili. Sababu inayotolewa ni ya kiuchumi: kupenda maua na mandhari hakugharimu chochote, kwa hiyo hakuendeshi viwanda. Hata hivyo, watu hao hufunzwa kupenda michezo ya mashambani inayohitaji vifaa na nauli, ili safari za huko ziendelee kuleta mapato. Dola hii haiyaogopi maumbile. Imeyageuza kuwa soko.

Orwell naye anawapeleka Winston na Julia kwenye uwazi uliozungukwa na miti, mahali panapofanana na nchi aliyoiota Winston. Miti ile ni myembamba mno kuweza kuficha kipaza sauti, na ndege anaimba bila kuamriwa na mtu. Kwa muda mfupi wapenzi hao wako nje ya macho ya Chama.

Riwaya zote tatu zina sehemu ambayo mamlaka haijaifikia au imeiacha. Wazo hilo lina historia yake katika jamii za viwanda, ambamo watu wengi walikwishahamia mijini na shamba likawa mahali pa kutembelea. Anayekwenda mashambani mwisho wa juma huona utulivu. Anayeishi huko na kulima huona kazi. Tofauti hii ya mahali pa kutazamia ndiyo inayoufanya uwanda wa Ufipa uwe na jambo la kusema.

4.0 Ufipa: Ardhi Inayotengenezwa

Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi. Misitu ya asili imebaki katika maeneo machache, hususan katika milima ya Mbizi karibu na Sumbawanga, ambako kuna kundi la mbega wekundu wanaofuatiliwa na wahifadhi. Mkulima wa uwanda huu hakuwa na miti ya kutosha kukata na kuchoma ili apate majivu ya kurutubisha shamba, kama walivyofanya majirani wengi wa kusini wanaoishi katika miombo. Rutuba yake ilitokana na nyasi zenyewe.

Utaratibu huo huitwa intumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha na udongo ukiwa laini, mkulima hulima kwa jembe na kuinua matuta ya mviringo, nyasi zikiwa zimefunikwa ndani na udongo ukiwa juu. Maharage yanaweza kupandwa juu ya matuta hayo. Nyasi huoza humo kwa miezi kadhaa. Msimu unaofuata matuta hubomolewa, udongo uliorutubika husambazwa, na ulezi hupandwa. Mtu asiyejua akiliona shamba la intumba kutoka mbali anaweza kudhani anatazama umbo la asili la ardhi. Kumbe kila tuta ni kazi ya mikono.

Mambo matatu yanafuata kutokana na utaratibu huu. Kwanza, rutuba ni kitu kinachofanywa. Ardhi ikiachwa bila mfukiaji huendelea kuota nyasi, lakini haimlishi mtu. Pili, uhai unapita katika kuoza: kilichokufa mwaka huu ndicho kinacholisha mwakani, mradi kimefukiwa kwa wakati. Tatu, anayefukia ndiye anayejua lini na wapi pa kufukia. Uamuzi na kazi havijatengana.

Fikra hii haikuishia shambani. Mwanaanthropolojia Roy Willis, katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974, aliwalinganisha Wanuer, Walele na Wafipa, akaonesha kwamba nafasi ya kiishara aliyo nayo ng'ombe kwa Wanuer na kakakuona kwa Walele, kwa Wafipa ni ya chatu. Chatu, mnyama wa porini, alihusishwa na mizimu ya mahali. Mpaka kati ya kijiji na pori ulikuwapo, lakini ulikuwa mpaka wa kuvukwa kwa heshima.

Katika A State in the Making (1981), Willis alichambua pia masimulizi ya Milansi, makao ya kale ya utawala wa Ufipa. Masimulizi hayo hueleza kwamba wanawake wageni walifika wakati mtawala wa Milansi hayupo, wakatwaa kiti chake. Yaliyofuata hayakuwa maangamizi ya upande mmoja. Watwachi, ukoo wa wageni hao, walishika utawala wa nchi, na mkuu wa Milansi akabaki na mamlaka ya kimila juu ya ardhi. Masimulizi haya yanatambua kwamba mwenye kutawala watu anaweza kuwa mwingine na mwenye dhamana ya ardhi akawa mwingine, lakini yanasisitiza mapatano kati yao. Hatari huanza pale mapatano yanapokosekana.

Ufipa haukuwa bustani ya Edeni, na makala hii haiusomi hivyo. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo yenye kimo kinachoweza kufika mita tatu, na matanuri hayo yalihitaji makaa mengi ya miti. Miti ilikatwa ili jembe lipatikane, na jembe ndilo lililofukia nyasi. Hata hivyo kazi hiyo ilizungukwa na miiko: lungu lilitendewa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijizuia na tendo la ndoa kwa kipindi cha kazi. Uharibifu ulikuwapo, lakini ulifanywa na watu walioishi na matokeo yake, na ambao miiko yao iliwakumbusha hivyo.

Utengano wa kazi na uamuzi una historia ya karibu zaidi. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na mbolea ya viwandani ilienea kwa msaada wa ruzuku ya serikali. Ruzuku hiyo ilipoondolewa hatua kwa hatua katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, chini ya mpango wa marekebisho ya uchumi, mkulima alibaki na shamba lililozoea mbolea ambayo bei yake ilipangwa mbali naye. Mbolea ya viwandani iliongeza mavuno, na hakuna sababu ya kulikana hilo. Kilichobadilika ni mahali pa uamuzi. Swali la kama udongo wa Ufipa utakuwa na rutuba mwakani lilianza kujibiwa katika ofisi za watu wasiofukia majani. Hali hiyo peke yake si distopia, lakini ni mbegu ambayo bunilizi za kidistopia huikuza hadi mwisho wake.

5.0 Bunilizi za Afrika Mashariki na Ukosefu wa Nje

Kigezo hiki kikitumiwa, riwaya za Kiswahili zinasomeka kwa namna tofauti. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), K ni mkubwa wa serikali anayeishi kwa anasa hadi mzuka wa babu yake unapomjia na kumtembeza katika nchi yake mwenyewe ili aone ilivyo. Mhakiki akitafuta msitu wa ukombozi katika riwaya hii hataupata. Ukombozi, kama upo, unatoka chini ya udongo, kwa aliyezikwa. K ni mwamuzi asiyefukia: anatumia mali ya nchi bila kuijua nchi, na ndiyo sababu analazimika kuoneshwa kwa safari jambo ambalo mkulima hulijua kwa mikono. Mantiki ya intumba inaonekana hapa ikiwa imepinduliwa. Kilichokufa kilipaswa kuwalisha walio hai. Kwa kuwa urithi wake umetelekezwa, marehemu anarudi kudai hesabu.

Euphrase Kezilahabi anakwenda mbali zaidi. Katika Mzingile (1991), riwaya inayoifuatia Nagona (1990), ulimwengu umeteketea na waliosalia ni wachache. Hakuna ukuta wa kubomoa, kwa sababu hakuna kilichobaki upande wa pili. Jina lenyewe la riwaya lina wazo la kuzunguka bila kutoka, wazo linalolijongelea neno mazingira. Katika riwaya za Ulaya zilizotajwa hapo juu, maangamizi ya maumbile ni tishio ambalo dola imelifungia nje. Katika Mzingile yamekwisha kutokea, na swali linahamia kwingine: waliobaki wataanzaje tena? Msomaji aliyezoea intumba hatashangaa kwamba uhai mpya unatafutwa katikati ya mabaki. Inafaa pia kukumbuka kwamba Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, jirani na kisiwa cha Ukara kinachojulikana kwa kilimo cha kurutubisha udongo kwa samadi kwa kazi nyingi. Maarifa ya udongo unaotengenezwa kwa mikono si ya Ufipa pekee.

Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inaweza kuonekana kupinga hoja hii, kwani ndani yake kuna mahali pa nje. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa katika chombo cha angani na kufika katika sayari yenye jamii ya haki. Lakini jina la sayari hiyo likitenganishwa husomeka wale ni sisi. Mahali pa nje panageuka kuwa kioo cha ndani. Kilicho bora huko ni namna watu walivyopanga kazi na mamlaka baina yao, na mpangilio huo ungewezekana nyumbani pia.

Kielelezo cha wazi kuliko vyote kinatoka katika filamu. Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009), yenye dakika zisizozidi ishirini na tano, inaonesha Afrika Mashariki baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya makazi yaliyofungwa, jasho na mkojo husafishwa ili kunywewa tena, na maumbile yamebaki kuwa kumbukumbu katika jumba la makumbusho. Asha, mtunzaji wa makumbusho hayo, anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu ndani yake nayo inaota. Baraza linamkatalia kutoka nje. Anatoroka.

Kufikia hapo Pumzi inafanana na We: kuna ukuta na kuna anayeuvuka. Tofauti inatokea baada ya kuuvuka. Nje hakuna msitu unaomsubiri Asha, wala jamii huru ya kumpokea. Kuna jangwa. Anapanda mche wake, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anaukinga na jua kwa mwili wake. Mti unakua pale alipolala. Maumbile hayakumwokoa Asha. Yeye ndiye aliyejifukia ili yaote. Ndani ya makazi, baraza linaamua na watu wanatoa jasho. Asha anapotoka, jasho na uamuzi vinarudi katika mwili mmoja, na hapo ndipo mti unapowezekana.

6.0 Mipaka ya Kigezo

Kigezo kinachopendekezwa kina mipaka miwili. Kwanza, hakifai kwa kila bunilizi. Riwaya ambazo zimejengwa juu ya maafa yasiyotokana na kazi ya binadamu zinahitaji zana nyingine. Ufipa wenyewe unajua maafa ya aina hiyo: bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na hakuna bidii ya mkulima mmoja iliyoweza kuwazuia nzige walioenea kusini na mashariki mwa Afrika kuanzia mwaka 1930. Maafa makubwa huhitaji uamuzi wa pamoja unaovuka mipaka ya kijiji na ya nchi. Kwa hiyo kurudisha uamuzi kwa mfukiaji hakumaanishi kumwacha peke yake.

Pili, kigezo kinaweza kugeuzwa kuwa sifa tupu kwa mila. Masimulizi ya Milansi yanaonya dhidi ya usomaji huo, kwani yenyewe yanahusu utwaaji wa mamlaka. Thamani ya intumba kwa mhakiki haitokani na ukale wake. Inatokana na uwazi wake: ndani ya tuta moja vinaonekana kifo, kazi, maarifa na chakula, na uhusiano baina yake unaweza kuchunguzwa hatua kwa hatua.

7.0 Hitimisho

Mjadala umeonesha kwamba swali la nani anayaharibu maumbile halitoshi kufafanua bunilizi za kidistopia za Afrika Mashariki. Swali linalozifungua zaidi lina sehemu mbili: nani anafanya kazi inayoyaweka maumbile hai, na nani anaamua juu ya kazi hiyo? Majibu yakiwa watu wawili wasio na mapatano, kazi husika imeingia katika distopia, hata kama kurasa zake zimejaa miti. K wa Babu Alipofufuka anaamua bila kufukia. Wakazi wa makazi yaliyofungwa ya Pumzi wanatoa jasho bila kuamua. Waliobaki wa Mzingile wanakuta vyote viwili vimevunjika na inawabidi waanze upya.

Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, mabadiliko haya ya swali yana matokeo ya kimbinu. Uchambuzi wa mandhari hauna budi kwenda sambamba na uchambuzi wa kazi na mamlaka, na maarifa ya wakulima yapewe nafasi katika sura ya nadharia badala ya kuachwa katika sura ya usuli. Kwa jamii ya Ufipa, suala lenyewe limevuka mipaka ya fasihi. Kila msimu wa mvua mtu huinua jembe na kufunika nyasi, na rutuba ya mwaka unaofuata hutegemea kama mtu huyo bado ana sauti juu ya shamba analolifukia.